Siku Injini Iliponyamaza

Mtu akipita uchochoroni kwetu kwa mara ya kwanza hudhani tunagombana. Anamkuta kinyozi anamfokea mteja, Mama Barafu anamkemea mnunuzi, na mimi nimemwinamia mama wa watu nampigia kelele sikioni kuhusu kiuno cha gauni lake. Basi hujisogeza pembeni angoje ngumi. Ngumi haziji. Tunaulizana hali tu. Ndivyo tulivyozoea kusemezana, na wa kulaumiwa ni kaka yangu.

Nyuma ya vyumba vyetu vitatu vya biashara kuna ua, na uani kuna jenereta. Sisi twaiita injini. Inakunywa dizeli, inatema moshi, na inatikisa ukuta mpaka sindano zangu zinatembea zenyewe mezani. Kinyozi anapata humo umeme wa mashine yake, Mama Barafu wa majokofu yake, nami wa cherehani na pasi. Nguzo za umeme zipo, zimesimama barabarani siku nyingi, lakini umeme wake una tabia za mgeni mwenye makuu: huja anapojisikia, huondoka bila kuaga. Kwa hiyo tangu baba yetu alipofariki akatuachia ua ule mimi na kaka, injini ndiyo iliyotulisha, na kaka ndiye aliyeilisha injini. Uchochoro mzima unamwita Bwana Injini. Mimi wananiita Sindano, na sijawahi kuuliza kwa nini, maana jibu nalijua.

Sasa kuna jambo wageni hawalijui. Ndani ya kelele zile ndimo tulimoweka siri zetu. Mtu akiwa na la moyoni anasogea, anaweka mdomo karibu na sikio la mwenzake, halafu analisema kwa sauti ya kumwitia mtu ng'ambo ya mto. Mwenzake anasikia vizuri. Wa chumba cha pili hapati hata herufi. Mama Barafu alinieleza hivyo jinsi mumewe alivyomkimbia, akilia na kupiga kelele kwa pamoja, na kinyozi upande wa pili wa ukuta aliendelea kunyoa huku akipiga mluzi.

Na injini ilikuwa na adabu yake. Kabla ya kuzimika ilikohoa. Kikohozi kikavu, kisha vingine viwili vitatu, ndipo inanyamaza. Tukisikia kikohozi, kila mtu anafunga mdomo, hata kama neno limefika nusu ulimini. Mteja mgeni anashangaa, tunamwonyesha kidole: ngoja kidogo. Kaka anajaza mafuta, anaiwasha tena, na neno linaendelea pale lilipokatikia. Watoto wa uchochoroni wanalijua hilo kabla hawajajua kuhesabu.

Kaka ni mkubwa wangu. Mkewe alitangulia, mume wangu akafuata, watoto wakaenda kwenye maisha yao, tukabaki wawili kwenye vyumba vya mwisho wa ua, mlango wake ukitazamana na wangu. Nikipika tunakula pamoja. Tukila hatusemi kitu, kwa sababu yeye sikio la kushoto lilikwisha zamani, na la kulia husikia linachotaka. Ukiwa na haja naye unakwenda upande wa kulia, unapiga kelele, na unaomba bahati. Injini yenyewe alikuwa akiisikia kwa kiganja. Anaweka mkono juu ya bati lake, anafumba macho, anasema chujio limeziba. Akilifungua, kweli limeziba.

Aliyeleta mageuzi ni bintiye wa mwisho. Huyu mtoto ni fundi wa umeme wa jua. Anapanda mapaa ya shule na zahanati na wenzake, anafunga paneli, anarudi uso umeiva kwa jua na vidole vimejaa mikwaruzo. Alikuja kututembelea kipindi kile dizeli ilipoadimika. Kaka alikuwa anashinda foleni na dumu lake, na huku nyuma mambo yanakwama. Siku hiyo kinyozi alikuwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Masikini wa Mungu, amekaa kwenye kiti na shuka shingoni, nusu kichwa upara, nusu kichwa msitu, anasubiri kaka arudi na mafuta. Alikuwa na harusi ya kwenda jioni.

Binti alimtazama, akatazama juu ya bati letu ambako jua lilikuwa linawaka kama kawaida yake, akaja kukaa karibu na cherehani yangu iliyokuwa imelala.

Akaniambia, "Shangazi, nyinyi mnakaa chini ya umeme halafu mnaununua kwa dumu."

Nilimuuliza kama hatungefanya subira tu, nguzo zitengenezwe. Akacheka. Akanieleza kwamba hata huo umeme wa nguzo, huko unakotoka, unatengenezwa kwa kuchoma mafuta. Ni injini kama ya baba yake, ila ni kubwa kupita kiasi na moshi wake hatuuoni kwa kuwa uko mbali. Mafuta yakichelewa, wao giza na sisi giza. Nikamwelewa. Sikusoma sana, lakini nimeshona nguo nyeusi miaka mingi kwa sababu nyeupe zilikuwa zikitoka dukani kwangu na masizi, kwa hiyo sikuhitaji kubembelezwa. Kinyozi na Mama Barafu nao wakakubali kabla hajamaliza kueleza. Tukachangishana, na wenzake wa kazi wakatupa muda wa kumalizia malipo.

Aliyebaki ni kaka. Tulimwendea wawili, mimi upande wa kulia. Binti alimweleza polepole, kwa heshima, kwamba paneli zitakaa juu ya bati, betri zitakaa stoo ya dizeli, na injini itapumzika. Nilitegemea vita. Nilikuwa nimeshafunga mkaja. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa kile kitambaa chake cheusi ambacho hakisafishi kitu, akasema vizuri, watu wanyolewe vichwa vizima.

Kisha akasema, "Basi siku mtakayoizima, mimi nitakwenda kwa mwanangu mkubwa."

Mwanawe mkubwa anafuga kuku mbali huko, safari ya kutwa nzima kwa basi na kipande kwa miguu. Amemwita baba yake akakae naye tangu zamani, na kaka alikuwa akijibu kwamba injini haina mtu wa kuiangalia. Sasa jibu hilo tulikuwa tumemnyang'anya. Akasema injini ikilala, yeye atakuwa anafanya nini hapa, akae mlangoni apige nzi? Alisema bila kinyongo, na hilo ndilo lililonichoma. Angegomba ningejua pa kumshika.

Neno nililokuwa nalo kifuani lilikuwa moja, baki. Lakini mimi hasira yangu ina mbio, hufika mdomoni kabla ya akili.

"Nenda basi," nikasema. "Nani amekushika?"

Nilikuwa upande wa kulia, na nilitumia sauti ile ile ya kila siku. Yeye ambaye hasikii akiitwa kula, hilo lilimwingia lote. Akatikisa kichwa, akaenda kuangalia mafuta. Binti yake akanitazama kwa jicho ambalo nilistahili, nami nikajifanya natafuta uzi.

Kazi ilianza. Shida ya kwanza ilikuwa bati. Binti alipanda, akashuka viganja vimekuwa vyeusi, akasema paneli hazikai juu ya masizi, paa lioshwe kwanza. Tukiwa bado tunatazamana nani wa kupanda, kaka alishachukua ndoo, sabuni na brashi. Aliosha bati lote peke yake. Maji meusi yalishuka kwenye mfereji, yakapita mlangoni kwangu, yakapita kwa Mama Barafu, yakaenda zao barabarani. Ulikuwa moshi wake mwenyewe, wa miaka yote, na aliusugua mpaka bati likang'aa. Mimi nilisimama chini nikijidai nashika ngazi. Roho ilikuwa inaniuma. Nilitaka kumwambia ashuke, inatosha, lakini tulikuwa tumenuniana, na mtu aliyenuna hasemi shuka.

Siku zilizofuata baba na binti walifanya kazi pamoja kana kwamba hakuna mtu anayeondoka. Binti anafunga, baba anampa bolti. Binti anavuta waya, baba anashika upande wa pili. Stoo iliyokuwa ya madumu ilipakwa chokaa, na betri zikapangwa humo juu ya mbao. Jioni binti alitukusanya kutupa masharti. Pasi itumike jua likiwa utosini tu, maana pasi inakula umeme kama mtu aliyetoka safarini. Majokofu yasifunguliwe ovyo. Na paneli zifutwe vumbi mara kwa mara, kwa kitambaa laini cha pamba, kisafi. Hapo akamgeukia baba yake, akaokota vitambaa vyake viwili vitatu, vyote vinanuka dizeli.

Akamwambia, "Baba, hata kimoja kati ya hivi kisisogee juu. Mafuta yakigusa kioo, vumbi linaganda na umeme unapungua."

Kaka alicheka. Ndiyo mara pekee aliyocheka katika siku hizo. Akasema yeye hana kitambaa kisicho na mafuta isipokuwa shati lake la kutokea. Binti akauliza nani basi atakuwa anafuta. Kinyozi akasema yeye akipanda kiti tu anaona kizunguzungu. Mama Barafu akaonyesha magoti yake. Mimi nikatazama miguu yangu. Binti akasema haya, atatafuta mtu wa kuja. Kaka alikuwa anatazama juu ya paa, na sikujua alikuwa amesikia kiasi gani.

Usiku wa kuamkia siku ya kuzima, nilikuta shati hilo la kutokea limewekwa juu ya fungu langu la nguo za kupigwa pasi. Nilimshonea mwenyewe binti alipohitimu mafunzo, pamba safi rangi ya maziwa, kola nimeirudia mpaka ikakaa. Kaka alinipungia mkono toka mlangoni kwake na kunieleza kwa kelele kwamba basi linaondoka kesho jioni, nimnyooshee. Nikaitikia kwa kichwa. Ndani nililia kidogo, kisha nikajilaumu kwa kulia, kisha nikalala.

Asubuhi tulisimama uani wote. Binti alikuwa tayari stoo, mkono kwenye swichi. Kaka aliweka kiganja juu ya injini kwa mara ya mwisho, akafumba macho, akageuza ufunguo. Ikakohoa. Ikakohoa tena, mara mbili tatu. Ikanyamaza.

Nasi tukanyamaza. Mdomo wa kinyozi ulikuwa wazi, akaufunga. Mama Barafu alikuwa amenishika mkono ananieleza jambo, akaliachia njiani. Tukasimama pale kama watu wanaopigwa picha, tukingoja mafuta yajazwe. Taa ya stoo iliwaka. Majokofu ya Mama Barafu yalianza kunguruma, sauti ndogo kama ya paka aliyeshiba. Bado hatukusema.

"Mbona mmenyamaza?" binti akauliza. "Umeme huo upo."

Tukacheka kwa aibu, tukaenda kila mtu kwenye kazi yake. Lakini, jamani, kimya kile kilikuwa kigeni. Nilisikia bomba la Mama Barafu linavuja, na kumbe linavuja siku zote. Nilisikia ufagio wa jirani wa nne. Nilisikia mkasi wangu unapokata, krr, krr, sauti nzuri, na sikuwa nimewahi kuijua. Wateja wa mwanzo waliongea kwa kunong'ona kama wako msibani. Kinyozi alimnong'oneza mteja wake kumuuliza anataka mtindo gani, mteja akamnong'oneza.

Haikuchukua muda. Mazoea ni mazoea. Kabla jua halijapanda sana mashine ya kunyolea ilikuwa inaunguruma sikioni mwa kinyozi, naye akajisahau. Nikiwa naingiza uzi nilisikia kupitia ukutani, wazi kabisa, akimshauri mtu kwa sauti ya injini: suruali akashone kwingine, kwa yule Sindano kila mguu unaondoka na urefu wake.

Nilisimamisha cherehani. Nikavuta pumzi.

"Rudia," nikamwambia, kwa sauti ya kawaida tu.

Kisha nikasikia kitu kinaanguka, nadhani kitana. Uchochoro mzima ulicheka, hata mimi, na kinyozi akaja kuomba radhi akiwa ameshika mashine mkononi. Nikamwambia asijali, suruali ile ilikuwa ya mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikasema moyoni, mimi siwezi kufanya ujinga kama huo.

Jua lilipofika utosini nikawasha pasi. Nilinyoosha magauni, nikanyoosha sare za shule, nikanyoosha hata mapazia ambayo mwenyewe hakuomba yanyooshwe. Shati la kaka, kila nilipolifikia, nililihamishia chini ya fungu. Linapanda tena, nalirudisha tena. Kaka mwenyewe alikuwa uani anamwaga oili ya injini na kuipangusa, apate kuifunika turubai. Begi lake lilikuwa limeshasimama mlangoni kwake, nililiona kila nilipoinua kichwa, kwa hiyo nikaacha kuinua kichwa. Nikazima pasi, nikarudi kwenye cherehani, nikakanyaga mota mpaka mwisho.

Mama Barafu akaingia na glasi ya maji baridi. Akavuta kigoda, akaniangalia ninavyoshona kwa hasira, akasogea karibu na sikio langu kama siku zote, akaniuliza kwa nini nimevimba hivyo, si nilitaka mwenyewe injini izimwe. Na mimi, mota inalia chini ya mkono wangu, macho yamejaa maji, sindano siioni vizuri, nikamjibu kama tulivyokuwa tukijibiana siku zote.

"Injini sina haja nayo! Namtaka kaka yangu! Akienda, mimi nitakula na nani? Kila asubuhi nikisikia ameiwasha ile takataka yake najua yuko hai, ndipo nainuka kitandani. Nilimwambia aende kwa kiburi tu. Nani mwingine ninaye? Sitaki aende!"

Mguu wangu uliacha kukanyaga wenyewe. Mota ikazunguka kidogo, ikasimama. Na hapo ndipo nikasikia kimya. Mashine ya kinyozi ilikuwa imezimwa. Nje mtu aliyekuwa anapita na kapu alikuwa amesimama katikati ya uchochoro, kapu kichwani, ananitazama. Mama Barafu alikuwa ameziba mdomo wake kwa kiganja, kana kwamba yeye ndiye aliyesema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimeishi uchochoroni pale na sifa ya kuwa mwanamke asiyeyumba, mwenye mdomo wa kutoboa bati, na sasa mpaka mpita njia anajua kwamba siwezi kuinuka kitandani. Kinyozi hakucheka. Ningefurahi kama angecheka. Nilimsikia tu akiwasha mashine yake tena, haraka, ili anipe mahali pa kujificha. Kwa hilo nimemsamehe na suruali.

Mama Barafu akaninong'oneza, safari hii kunong'ona kweli, kwamba nisihofu, Bwana Injini yuko uani, na kwa masikio yale hakusikia kitu. Nikasema ni kweli. Kwa masikio yale. Nikapumua. Halafu, sijui nieleze vipi, pumzi yenyewe ikaniuma. Nilikuwa nimelisema neno lile mbele ya dunia nzima, na aliyepaswa kulisikia ndiye peke yake aliyelikosa.

Mlango wa uani ukafunguliwa. Kaka aliingia na oili mpaka kwenye viwiko. Hakunitazama. Alinawa kwenye ndoo yangu kwa sabuni, mara mbili, akajikausha, akaenda moja kwa moja kwenye fungu la nguo. Akachambua mpaka chini kabisa, akalitoa shati lake. Likiwa na mikunjo vile vile. Akalikung'uta, akaliweka begani, akatoka alikoingilia.

Basi ndiyo imekwisha, nikasema. Anakwenda, na atakwenda na shati la mikunjo ili mwanawe aone jinsi shangazi yake anavyomtunza baba yake. Mama Barafu alinishika bega. Nilikaa nikitazama glasi ya maji, barafu yake inayeyuka.

Ndipo nikasikia hatua. Zilikuwa juu yangu. Bati lilikuwa linalia, ko, ko, taratibu, mtu anayechagua pa kukanyaga. Miaka yote niliyokaa chini ya paa lile sikuwahi kusikia mtu akitembea juu yake.

Nikatoka nje mbio, Mama Barafu nyuma yangu na magoti yake. Kinyozi naye akatoka, na mteja wake, shuka shingoni. Kaka alikuwa amepiga magoti juu ya bati jeupe alilolisugua mwenyewe, kifua wazi, na mkononi ana lile shati nililomshonea. Pamba safi rangi ya maziwa. Kola niliyoirudia. Alikuwa analikunja vizuri, analipitisha juu ya paneli kutoka juu kwenda chini, anatazama vumbi lililoshika, anakunja upande mwingine, anapitisha tena.

"Shati hilo!" nikasema. "Una wazimu? Vipande vya pamba vimejaa kapu dukani kwangu, unavijua!"

Alijua. Amepita kando ya kapu lile kila siku ya maisha yangu ya kazi. Lakini akaendelea kufuta mpaka akamaliza kioo kile, ndipo akageuka akanitazama. Akajibu kwa sauti yake ya miaka yote, ile ya kushindana na injini, maana yeye kimya hakikumfikia, na kila mtu kuanzia barabarani hadi mwisho wa uchochoro alimsikia.

"Umeuliza utakula na nani. Leo umepika nini?"

Binti alikuwa ametokea stoo, bisibisi mkononi, anatutazama huyu na huyu.

"Sijapika," nikasema. Ikabidi niseme tena kwa kelele, upande wake wa kulia. "Sijapika kitu! Nilikuwa na hasira!"

"Basi kapike," kaka akasema. "Mimi nina kazi hapa. Vumbi limejaa."

Nikaenda nikapika. Nilipika nikilia na kucheka, na sikuona haya, maana haya zilikuwa zimekwisha zote mchana ule. Binti alilichukua begi mlangoni akalirudisha ndani mwenyewe, akampigia simu kaka yake mkubwa amweleze kwamba baba ataenda kuwasalimia kuku wakati wa mvua, jua likipungua kazi. Jioni basi lilipita barabarani. Tulilisikia, jambo ambalo zamani tusingelisikia, na kaka akaendelea kutafuna.

Injini bado iko uani chini ya turubai lake. Kaka huiwasha mara moja moja, anapoona mawingu yamekaa siku nyingi, au anapotaka tu kuweka kiganja. Ikikohoa, sisi sote tunafunga midomo. Tumejifunza kuongea polepole, isipokuwa yeye, na isipokuwa wanaoongea naye. Shati lile halikufaa tena kutokea. Nililikata mikono, nikalipinda pembeni, sasa ni kitambaa cha paneli na kinaning'inia kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Nilimshonea jingine la kutokea, na nikamwambia hilo akiligusisha kioo nitamkata masikio yote mawili, kwa kuwa hayamsaidii kitu.

Asubuhi hakuna kelele tena. Nalala nimefumba macho, nasikiliza. Baadaye kidogo ngazi inagonga ukuta, kisha bati linalia juu ya stoo, ko, ko, taratibu. Nikisikia hivyo nainuka, naweka maji ya chai jikoni.